Maswali ya Wasomaji: Muziki Kutoka Meza ya Fundi Redio

Katika toleo lililopita tuliandika kwa ufupi kwamba vyombo vya zamani vya kupimia, vile ambavyo mafundi redio walivipanga mezani kabla ya ujio wa kompyuta, vinaweza kupigiwa muziki. Barua zilizofuata zimetoka zaidi Tanga mjini, na moja imetoka Bagamoyo. Tumewajibu waandishi wake kwa urefu unaolingana na uzito wa swali, kwa hiyo asiudhike yule atakayekuta barua yake ndefu imepata jibu fupi.

SWALI: Bwana Mhariri, salaam aleikum. Marehemu baba yangu alikuwa fundi redio hapa Ngamiani na ametuachia kabati la vyombo vyake: osileta mbili za sauti, moja ya valvu (zile bomba za kioo zinazopata joto) na nyingine ya transista, osiloskopu yenye kioo cha kijani kinachochora mawimbi ya umeme, na mita kadhaa. Ndugu zangu wanataka tuwaite wanunuzi wa vyuma chakavu. Mimi nimesoma makala yenu nikawazuia, lakini naomba kujua kwa hakika kama watu wamewahi kupiga muziki wa maana kwa vyombo hivi, au ni mchezo tu wa watu wenye muda mwingi. (Msomaji, Ngamiani)

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yetu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Endelea kuwazuia.

Osileta ya sauti ilikusudiwa kazi moja, nayo ni kutoa toni safi ya masafa yanayojulikana, tuseme hezi 400 au 1,000 (yaani mitetemo 400 au 1,000 kwa sekunde), ili fundi aiingize katika amplifaya mbovu na kuifuatilia hatua kwa hatua hadi ajue inapotelea wapi au inaanza kukwaruza wapi. Toni hiyo, ambayo umbo lake huitwa wimbi la sini, haina mkwaruzo wa kamba wala pumzi ya zumari ndani yake. Watunzi walivutiwa na ufukara huohuo. Katika studio ya redio ya mjini Köln, Ujerumani, mwaka 1953, Karlheinz Stockhausen alitunga kazi nzima iitwayo Studie I kwa toni za sini, akizirekodi na kuzirundika katika utepe wa sumaku, na vyombo alivyotumia vilikuwa vya aina ambayo kituo cha redio huwa nayo kwa ajili ya vipimo. Mwaka uliofuata alitunga Studie II, ambayo ndani yake hakuigawa oktavu katika nusu toni 12 kama kinanda kinavyofanya, bali alijipangia ngazi yake mwenyewe yenye toni 81. Studio ya redio ya taifa ya Italia mjini Milano, iliyoanzishwa mwaka 1955 na Luciano Berio na Bruno Maderna, ilisifika kwa osileta zake tisa. Na mwaka 1963, katika karakana ya sauti ya BBC mjini London, Delia Derbyshire aliutengeneza muziki wa kufungulia tamthilia ya Doctor Who, uliotungwa na Ron Grainer, kwa osileta za kupimia, kwa sauti ya kamba moja iliyodonolewa, na kwa vipande vya utepe vilivyokatwa na kuungwa noti baada ya noti. Muziki huo uliingia katika nyumba za watu wa kawaida kabisa, ambao hawakuwa na habari na studio za majaribio.

Wala tusidhani kwamba Afrika ilisubiri kufundishwa. Mwaka 1944 mjini Cairo, Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodia kwa waya, akarekodi sherehe ya zaar, yaani ngoma ya kupunga pepo, kisha akaichezea rekodi ile kwa vifaa vya studio ya redio hadi ikabaki mivumo mitupu. Hakutumia osileta, lakini wazo la kukitoa chombo cha redio katika kazi yake na kukipa kazi nyingine ni hilihili.

Kuhusu osileta ya valvu, yapo mambo ambayo huenda mzee hakuwahi kuwasimulia. Bidhaa ya kwanza ya Hewlett-Packard, kampuni ambayo vijana wanaijua kwa printa, ilikuwa osileta ya sauti, na miongoni mwa wateja wake wa mwanzo ilikuwamo studio ya Walt Disney, iliyonunua osileta nane wakati wa matayarisho ya filamu ya Fantasia ya mwaka 1940. Siri ya chombo kile ilikuwa taa ndogo ya kawaida. Toni inapozidi nguvu, uzi wa taa hupata joto, ukinzani wake huongezeka, na toni hurudishwa chini. Inapopungua, uzi hupoa na toni hupanda. Osileta nyingi zilizofuata ziliiga mpango huo. Ukiwa na mojawapo, badilisha ghafla swichi ya masafa huku ukisikiliza: toni haitulii mara moja, bali hupanda na kushuka kidogo kabla ya kusimama, kwa sababu uzi wa taa bado unatafuta joto lake. Kwa fundi aliyekuwa akipima, kuyumba huko kulikuwa kero ya kusubiri ipite. Kwa mpigaji ni namna ya kuianza noti ambayo hataipata katika kinanda cha dukani.

Jambo utakalopambana nalo kwanza ni kwamba osileta haipumui. Toni haina mwanzo wala mwisho. Ukiwasha inalia, na italia hadi uzime. Kwa hiyo muziki hautokani na osileta yenyewe, bali na mkono wako ulio juu ya miksa, unaofungua sauti polepole au kwa kishindo, na mkono wa pili ulio juu ya sahani kubwa ya masafa. Anza na osileta zote mbili. Weka moja hezi 220, nyingine isogeze taratibu hadi iikaribie. Zikiachana kwa hezi 3, utasikia sauti moja inayovimba na kunywea mara tatu kwa sekunde. Zikiachana kwa hezi 1, mara moja kwa sekunde. Ile ya valvu itakuwa bado inapata joto katika nusu saa ya mwanzo, masafa yake yatateleza yenyewe, na mapigo hayo yatabadilika bila wewe kugusa kitu. Wapo wanaotumia dakika arobaini za onyesho kwa jambo hilo pekee, na kwa maoni yetu dakika kumi zingewatosha.

SWALI: Kaka Mhariri, habari za kazi. Napiga gitaa katika bendi ya hoteli huku Raskazone. Nimepata osileta ya Kimarekani kutoka karakana iliyofungwa. Je, naweza kuichomeka moja kwa moja ukutani, kisha waya wake nikauingiza katika amplifaya yangu ya gitaa? (Mpiga gitaa, Raskazone)

JIBU: Usifanye lolote kati ya hayo mawili kabla ya kusoma jibu hili hadi mwisho.

Tuanze na ukuta. Umeme wetu ni volti 230, na vyombo vingi vya Kimarekani vilitengenezwa kwa volti 115 au 120. Angalia nyuma, karibu na mahali waya wa umeme unapoingilia. Ukikuta swichi ndogo yenye 115 na 230, isogeze kwenye 230 na ubadilishe fyuzi, kwa sababu kwa volti 230 chombo hutumia takribani nusu ya mkondo na fyuzi ya awali itakuwa kubwa mno. Ukikosa swichi hiyo utahitaji transfoma ya kushusha umeme. Baada ya hapo, usiwashe ghafla chombo kilicholala miaka mingi. Kapasita zake za elektroliti huwa zimekauka, na zile za karatasi zilizokaa penye mlango wa umeme hupasuka na kujaza chumba moshi unaonuka vibaya. Mafundi wa zamani walikuwa wakiunga taa ya uzi ya wati 60 au 100 mfululizo na chombo: taa ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti na unazima, ikiwaka kidogo kisha ikafifia, unaweza kuendelea. Mwombe fundi akufanyie kazi hiyo, hasa kama chombo ni cha valvu, maana ndani yake mna volti zaidi ya 300 na kapasita huzishikilia hata baada ya plagi kuchomolewa.

Sasa waya wa kutokea. Osileta ya kupimia inaweza kutoa volti 10 au zaidi, ilhali gitaa lako hutoa sehemu ndogo tu ya volti 1, na ingizo la kawaida la miksa hutaka takribani volti 1. Ukiunganisha hivihivi, la afadhali ni sauti kukwaruza, na la hatari ni kuunguza mlango wa amplifaya au kuumiza masikio ya waliokaa mbele. Dawa yake ni rezista mbili. Ya kiloomu 10 iunge mfululizo kutoka osileta, kisha kutoka ncha yake ya pili unga rezista ya kiloomu 1 hadi waya wa chini (grandi, ule waya wa pili wa sauti), na toa sauti yako katika kiungo cha rezista hizo mbili. Volti 10 zitashuka hadi chini kidogo ya volti 1. Kabla ya rezista ya kwanza weka kapasita ya filamu ya maikrofaradi 1 inayohimili volti 400, ili kama valvu au kapasita ya ndani imeharibika, umeme mnyoofu (DC) usipite hadi kwenye miksa. Viweke vyote ndani ya kopo la chuma lenye soketi ya BNC upande mmoja na jeki ya gitaa upande wa pili, na kopo hilo litakufaa kwa kila osileta utakayoipata.

Utasikia mvumo wa hezi 50. Wapo watakaokushauri ukate waya wa ethi ili mvumo upotee. Mvumo kweli utapotea, na siku bodi ya chombo itakapopata shoti, wewe uliyeshika nyuzi za gitaa ndiye utakayekuwa ethi. Tumia transfoma ndogo ya sauti ya oomu 600 kwa 600 kati ya osileta na miksa, nayo itautenganisha mvumo bila kugusa usalama wako.

Mwisho, kwa kuwa uko Raskazone, jua kwamba upepo wa bahari ni adui wa swichi. Ukizungusha sahani ukasikia mikwaruzo kama karatasi inayochanwa, si lazima chombo kiwe kibovu. Puliza dawa ya kusafishia kontakti, zungusha swichi kwenda na kurudi mara nyingi, na uache ikauke kabisa kabla ya kuwasha.

SWALI: Mwalimu, mimi hupiga kinanda katika kikundi cha taarab hapa Chumbageni. Mzee wetu wa fidla hulalamika kwamba kinanda changu kinaua maqam, yaani ngazi za sauti za Kiarabu tunazozipigia, kwa sababu hakina sauti za katikati. Je, vyombo hivi vinaweza kunisaidia, au vitaniongezea ugomvi? (Mpiga kinanda, Chumbageni)

JIBU: Mzee wako ana haki, ingawa tungependa apunguze ukali. Kinanda cha kawaida kimeigawa oktavu katika hatua 12 zinazolingana, na maqam kama bayati au rast huhitaji sauti zinazokaa kati ya hatua hizo. Chukua bayati inayoanzia re ya hezi 293.7. Hatua yake ya pili haiko kwenye mi bemoli ya kinanda, yenye hezi 311, wala kwenye mi kamili yenye hezi 330. Iko baina yao, karibu na hezi 320. Tunasema karibu kwa makusudi, kwa sababu wapigaji wa Cairo na wa Istanbul hawaiweki mahali pamoja, na hata fidla moja huipandisha kidogo wimbo unapopanda na kuishusha unapoteremka.

Osileta haina funguo, kwa hiyo haina maoni kuhusu jambo hili. Mkalishe mzee kando ya chombo, mpe sahani ya masafa aizungushe mwenyewe hadi aseme hapo ndipo, kisha usome namba na kuiandika. Fanya hivyo kwa kila hatua ya maqam mnayoitumia. Mtakuwa na jedwali la kikundi chenu, lililopimwa kwa sikio la mtu anayejua, na tunaamini litafaa kuliko jedwali lolote la kitabuni. Vipo vinanda vyenye vitufe vya robo toni, na kama chako unaweza kukirekebisha, jedwali hilo litakuonyesha ukirekebishe kwa kiasi gani; robo toni ya kiwandani imewekwa katikati kabisa, na mzee ataikataa.

Kwa upigaji wenyewe, usijaribu kuikimbiza osileta katika kiitikio cha haraka, utaaibika. Ifanye ishike toni ya msingi chini ya taksim (upigaji huru wa chombo kimoja), kwa sauti ndogo kiasi kwamba wasikilizaji hawaitambui hadi unapoizima. Tanga imewahi kuonyesha kwamba taarab haivunjiki kwa kuongezewa chombo: bendi za Black Star na Lucky Star ziliipiga kwa gitaa la umeme, na leo hakuna anayesema haikuwa taarab.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa muziki hapa Bagamoyo, na ngoma ndiyo kazi yangu. Vyombo mnavyovizungumzia vinaonekana kuwa vya sauti ndefu tu. Je, vinaweza kupiga mapigo, na vinaweza kukaa pamoja na ilimba, ile ya fito za chuma zinazodonolewa kwa vidole gumba? (Mwanafunzi, Bagamoyo)

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali lako la pili ni zuri kuliko la kwanza, kwa hiyo tutaanza na la kwanza ili tulimalize upesi.

Sikio huacha kusikia toni inaposhuka chini ya takribani hezi 20 na huanza kusikia mapigo. Osileta iitwayo kwa Kiingereza function generator, ile yenye swichi ya kuchagua wimbi la sini, la mraba na la pembetatu, huweza kushuka hadi chini ya hezi 1. Weka wimbi la mraba kwenye hezi 1, nawe utapata mibofyo miwili kila sekunde, mmoja wimbi linapopanda na mwingine linaposhuka. Chombo cha kutoa palsi, yaani mishtuko mifupi ya umeme, kitakupa mbofyo mmoja mkali zaidi kwa kila mzunguko. Ukiwa na vyombo viwili vya palsi, kimoja hezi 2 na kingine hezi 3, utapata mbili dhidi ya tatu ambayo mikono yako inaijua tayari, isipokuwa kwamba vyombo hivi havisikilizani. Baada ya dakika moja au mbili vitakuwa vimeachana, na wewe mwenye ngoma ndiye utakayeamua umfuate yupi. Vingi vina pia soketi ya kuongozea masafa kwa volti: unaingiza wimbi la polepole kutoka chombo kimoja, na toni ya chombo cha pili inayumba kwa kulifuata. Anza na volti kidogo sana.

Ama ilimba, hapo uko mahali pazuri. Muziki wa Wagogo, ambao mwanamuziki Hukwe Zawose aliupeleka mbali akiwa anaishi Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003, umejengwa juu ya sauti za asili zinazozaliwa ndani ya sauti moja ya msingi, na wataalamu kama Gerhard Kubik wameueleza hivyo. Ukichukua msingi wa hezi 100, sauti hizo ni 400, 500, 600, 700, 800 na 900. Tazama ile ya 700. Kinanda hakina sauti hiyo. Noti yake iliyo jirani ingeangukia karibu na hezi 713, na tofauti hiyo ya hezi 13 ndiyo inayofanya ilimba isikike kana kwamba imekosewa inapopigwa pamoja na kinanda, ilhali kilichokosewa ni kinanda. Kwa osileta hesabu ni rahisi mno. Pima ufito mmoja wa ilimba yako, tafuta msingi wake, kisha rekodi kila sauti peke yake kwa nusu dakika na uzirundike katika programu ya bure kama Audacity. Huhitaji osileta sita. Moja inatosha, kama ilivyotosha kwa watu wa utepe. Pigia ilimba juu ya rundo hilo na usikilize jinsi sauti zinavyoungana bila kupigana.

SWALI: Kwa nini nijisumbue na machuma mazito wakati simu yangu ina programu ya kutoa toni? (Msomaji, Majani Mapana)

JIBU: Kwa kujifunza, simu inatosha, na kila tulichomweleza mpiga kinanda hapo juu unaweza kukifanya kwa simu leo jioni. Utakachokosa ni sahani inayozunguka chini ya kiganja kutoka besi hadi sauti ya juu bila kuruka, na mteremko wa masafa chombo kinapopata joto. Kama hivyo havikuvutii, usinunue chochote.

SWALI: Osiloskopu inatoa sauti gani? (Msomaji, Ngamiani, katika barua ya pili)

JIBU: Nyingi hutoa wimbi la mraba la hezi 1,000 katika soketi ndogo ya kujipimia iliyo mbele, na hiyo ndiyo sauti yake yote. Faida yake kwako ni ya macho. Ingiza osileta moja upande wa mlalo na nyingine upande wa wima, na kioo kitachora umbo: zikilingana utaona duara au yai, moja ikiwa mara mbili ya nyingine utaona namba nane. Umbo likizunguka polepole, toni bado hazijakaa, likisimama, zimekaa. Ni njia sahihi zaidi ya kulinganisha toni kuliko sikio la mtu aliyechoka, nasi tungeitumia kabla ya kila rekodi. Ila usifungue kasha lake kwa sababu yoyote. Bomba la kioo hicho hufanya kazi kwa maelfu ya volti, huhifadhi umeme baada ya kuzimwa, na kama inahitaji matengenezo, mpelekee fundi wa televisheni za zamani ambaye bado anajua namna ya kuutoa umeme huo kabla ya kutia mkono.